Habari za Babu Seva na Utepe Mwekundu Kwenye Waya wa Umeme

Sogezeni viti, enyi makarani na matarishi, enyi wapiga mihuri na wafungua madirisha, nanyi mliokalia mabenchi ya ofisi za watu tangu asubuhi mkiambiwa mwenye faili lenu ametoka kidogo! Zimeni simu, tulizeni vikombe, mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Maana habari inayokuja ni ya vita, na ya majemadari wanne, na ya shujaa aliyewakabili kwa bisibisi moja na utepe mwekundu. Na katika vita hivyo hakikumwagika kitu, ila chai ilipoa.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndipo dunia ya Idara ya Mizani na Vipimo ilipopasuka katikati kama suruali ya mtu aliyeinama kuokota kalamu.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi Mkuu, Bwana wa Ghorofa ya Nne, Mwenye Zulia, Mwenye Kiyoyozi, ambaye hajapata kupanda ngazi bila mtu wa kumbebea mkoba, alitoa waraka kwa barua pepe kwenda kwa wafanyakazi wote. Waraka wenyewe ulikuwa mstari mmoja: "Tupunguze matumizi ya karatasi." Lakini chini ya mstari huo aliambatisha picha yake mwenyewe, amesimama kando ya mizani ya kupimia magunia, mkono mmoja kiunoni, imepigwa kwa kamera ya harusi, yenye uzito wa megabaiti arobaini na nane. Kisha akamalizia kwa herufi kubwa: KILA MMOJA ATHIBITISHE KUPOKEA.

Sasa watumishi wa idara ile ni watu wa adabu na woga, hasa woga. Hawakumjibu yeye peke yake, maana wenzake mtu wangejuaje kama ametii? Wakabonyeza Jibu Wote. "Nimepokea, Mheshimiwa." "Nimepokea kwa unyenyekevu mkubwa." "Picha imekutoa vizuri sana, Mheshimiwa, umepungua." Na kwa kuwa kanuni ya idara yasema kila jibu liambatane na waraka linaoujibu, kwa ajili ya ushahidi, kila jibu lilimbeba Mkurugenzi mgongoni, na mizani yake, na mkono wake kiunoni. Wafanyakazi mia mbili na kumi na nne, Mkurugenzi mwenyewe akiwemo maana naye alijithibitishia, majibu mia mbili na kumi na nne, yakamiminika katika masanduku mia mbili na kumi na tano. Idara iliyoundwa ipime uzito wa kila kitu mjini, kuanzia kilo ya misumari hadi lori la mchanga, haikuwa na mtu hata mmoja wa kupima uzito wa sura ya mkuu wake.

Mtasema: wafanyakazi mia mbili na kumi na nne, masanduku mia mbili na kumi na tano, hilo moja la nani? Vuteni subira, maana vita vyote ni kwa ajili ya hilo moja.

Chini kabisa ya jengo lile, baina ya stoo ya mafagio na choo cha wanaume, kuna chumba kisicho na dirisha, na ndani yake mtambo mmoja mzee unaonguruma, seva ya kupokea na kugawa barua pepe za idara nzima, na mbele ya mtambo kiti, na juu ya kiti shujaa wetu. Watu walimwita Babu Seva. Mlinzi wa Masanduku! Mfumbua Nyaya! Simba wa Chumba Kisicho na Dirisha! Alikuwa na miaka hamsini na minane na elimu ya darasa la saba, tena la saba lenyewe hakulimaliza. Aliingia idarani kama tarishi wa kubeba mafaili, na yote aliyoyajua ya kompyuta yalianzia kwa mpiga chapa wa ghorofa ya kwanza, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye alimfundisha kila herufi inakaa wapi kwenye kibodi, kisha akamwoa. Ndiyo, yeye ndiye aliyemwoa. Babu Seva aliarifiwa tu.

Basi mke huyo alikuwa na desturi yake. Yeye yuko juu, mume yuko chini, kati yao ngazi ishirini na mbili, na magoti yake hayakuzipenda. Kwa hiyo kila alipokuwa na neno aliliandika akalituma kwa barua pepe. "Umeacha funguo mlangoni. Tena." "Dada yako anakuja Jumapili, usijifanye una kazi." "Nimesikia huyo bosi akikufokea, nimesikia mpaka huku. Mpuuze, hata tai hajui kufunga." Miaka kumi na miwili, barua elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Na mumewe alizijibu zote kwa neno moja: "Sawa."

Na hapa pana kosa ambalo hakuna mwanadamu angelifanya ila msimamizi wa mitambo. Miaka yote hiyo Babu Seva aliwafokea watu wafute barua walizokwisha kusoma, waokoe nafasi. Na ili awe mfano, alifuta zake mwenyewe kila jioni, asibakize hata moja. Mke alipofariki, miaka sita iliyopita, mume alifungua sanduku lake akalikuta safi kama sahani iliyorambwa na paka. Barua zile zilibaki mahali pamoja tu duniani: katika sanduku la mke, upande wa zilizotumwa. Sanduku hilo hakulifuta. Hata kwenye orodha ya wafanyakazi hakuliondoa. Na kila siku ya kazi, saa nne ya chai, alisoma barua moja, moja tu, kama mtu anayekula akiba kwa kijiko kidogo. Alikuwa amefika nusu.

Jumanne ile alikuwa katikati ya barua ya siku. Ilisema: "Jioni ukirudi usisahau," na papo hapo skrini ikaganda.

"Nisisahau nini?" akauliza Babu Seva kwa sauti.

Mtambo ukajibu krrr, ukanyamaza.

Haikupita robo saa, na ngazini zikasikika hatua za viatu vya ngozi. Mkurugenzi mwenyewe ameshuka! Watu walitoka milangoni kushuhudia, kwa kuwa tangu ateuliwe hakuwa amefika chini ya ghorofa ya pili ila kwa kupitia njia ya gari lake.

"Ni nani," akanguruma, akisimama kizingitini asije akachafua viatu, "ni nani aliyethubutu kuzima barua zangu?"

"Mheshimiwa, hakuna aliyezima. Diski imejaa."

"Imejaa nini?"

Babu Seva akamtazama. Kuna maneno ambayo mtu mwenye mke nyumbani huyameza; yeye nyumbani hakuwa na mtu.

"Imejaa wewe, Mheshimiwa."

Kule nyuma mtu akacheka, akajifanya amepaliwa. Mkurugenzi akageuka rangi ya tai yake, akatoa hukumu: mtambo ufungwe kwa mkanda na muhuri wa idara, usiguswe na mkono wa yeyote, hadi Kamati iketi siku ya Ijumaa kuchagua programu mpya ya barua. Ndivyo wakubwa walivyo popote walipo. Mtu akizimia wao hufunga mlango, wakaweka mlinzi, wakaenda kutafuta ajenda.

Na msiulize diski ya akiba iko wapi. Ombi la diski ya akiba lilipanda ghorofa ya nne miaka mitano iliyopita. Linahitaji saini nne, limepata tatu, na mwenye saini ya nne alistaafu mwaka ule ule, nafasi yake bado inatangazwa.

Alasiri hiyo akaja adui. Alikuwa Afisa Mipango, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likakata, mwenye vyeti vitatu ukutani, kimoja kati yake cha kuhudhuria semina ya namna ya kupata vyeti. Walimwita Bwana Mawingu.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema, akiegemea mlango.

"Marahaba. Usiegemee, rangi haijakauka tangu mwaka juzi."

"Mzee wangu, zama za kufuga seva zimepita. Watu wazima duniani hawafugi seva tena, barua zao hukaa kwenye mitambo ya mbali ya kukodi, mtandaoni. Tunahamia kwenye wingu!"

"Wingu la nani?"

"La wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Mzee, ndiyo uzuri wake! Huna haja ya kujua." Akafungua karatasi. "Masharti ni mepesi. Kila sanduku liwe na mwenyewe aliye hai, athibitishe kwa simu yake. Lisilo na mtu linafutwa. Nimepitia orodha yako, nimekuta moja halina mtu. Marehemu wa chapa. Lile halihami. Na huu mtambo tukishauzima, unapelekwa kusagwa."

 Babu Seva alichukua bisibisi akakaza skrubu iliyokuwa imekaza.

Sasa mnajua alichokuwa akikipigania. Ijumaa wingu likishinda, zingesagwa barua elfu tatu mia moja na kumi na mbili, na nusu yake hajazisoma tena, na moja imekatikia kwenye neno "usisahau".

Jumatano asubuhi akashuka Mama Masijala, mtunza mafaili na mihuri, mwanamke mpana aliyekuwa kwa marehemu zaidi ya dada, akiwa na vikombe viwili vya chai.

"Shemeji, ung'oe huo mkanda, ukatoe vitu vyako, uurudishe."

"Una muhuri wa idara."

"Muhuri wa idara si huu hapa mkobani mwangu? Humu ndani nani anapiga mihuri, wao? Wao hata wino hawajui unakaa wapi!"

"Si muhuri, shemeji. Programu iliyomo mle ndani inaweka barua zote za mtu katika faili moja, refu kama kamba ya kisima. Diski imejaa hadi ukingoni. Nikiuamsha mtambo kwa pupa, ile kamba ikakatika katikati, zimekwenda zote. Kwanza nipate nyumba mpya, imara. Halafu ndiyo nihamishe, taratibu, moja moja."

"Basi tafuta nyumba, baba. Unakunywa chai ya nini?"

Naam! Ndipo Babu Seva alipojifungia katika stoo ya mafagio na kompyuta tatu zilizokwisha kutupwa, akazipanga juu ya ndoo zilizogeuzwa, na katika siku mbili akawaita majemadari mbele yake mmoja mmoja, kama mfalme akaguaye jeshi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mkongwe, programu ile ile iliyotumikia idara miaka kumi na minane. Jemadari wa kale, mwenye makovu! Faili lake la maagizo lilijaa nukta, mabano na alama za dola, utadhani kuku mwenye wino miguuni amekimbia juu yake. Babu Seva alilijua kwa moyo, kama mtu anavyojua kelele za kitanda chake. Alilipenda. Lakini mapenzi ndiyo yaliyomfanya aitazame kamba ile kwa hofu.

Wa pili alikuwa Yote-Kwangu. Huyo alikuja na matarumbeta: barua yeye, kalenda yeye, vikao yeye, orodha ya simu yeye, hata siku za kuzaliwa za watu anazijua yeye. Madirisha yake yalikuwa ya buluu yenye kona za duara. Babu Seva alipomchokonoa kidogo akaanguka, na katika kuanguka akaandika sentensi moja tu: "Kuna hitilafu. Wasiliana na msimamizi wako." Babu Seva akaisoma mara mbili. Msimamizi ni yeye. Sasa awasiliane na nani?

Wa tatu alikuwa Kimyakimya. Hana dirisha, hana rangi, hana salamu. Ndani yake mna vibarua wadogo wengi, kila mmoja na kazi yake moja: huyu hupokea mlangoni, huyu hupanga, huyu hupeleka sandukuni, na hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa kalamu. Kila barua huiweka katika faili lake peke yake. Wala hamwambii mtu "nimepokea" mpaka awe ameiandika barua hiyo kwenye diski, ikakaa; na mtumaji asiyeambiwa hivyo hurudia kuituma. Na likitokea jambo, huandika katika daftari la matukio nani, saa ngapi, mlango gani, kwa nini. Mtu hasomi akabaki kukuna kichwa.

Wengine huchagua programu kwa kusoma vipeperushi. Babu Seva, aliyekesha na kushinda na mitambo miaka ishirini, alikuwa na swali moja tu kwa kila programu: nikikung'olea waya ghafla, nawe umeshika barua ya watu mkononi, utaiweka wapi? Alhamisi saa nane mchana alikuwa amekwisha kung'oa nyaya mara arobaini na moja. Jibu alikuwa nalo.

Lakini kulijua jibu ni kazi ndogo. Kubwa ni Kamati. Wajumbe saba, na fomu ya alama iliyotungwa na Bwana Mawingu: mwonekano, alama arobaini, kuendana na dira ya idara, thelathini, rangi, ishirini, mengineyo, kumi.

"Barua kufika iko wapi hapa?" akauliza Babu Seva.

Mama Masijala akavaa miwani, akaipekua fomu mbele na nyuma. "Labda kwenye mengineyo." Akaikunja. "Shemeji, hawa usiwaelezee. Ukiwaelezea wanalala. Hawa wameumbwa na jambo moja tu wanaloliweza, nalo ni kukata utepe."

Babu Seva akaweka kikombe chini polepole.

"Shemeji," akasema, "utepe upo masijala?"

"Mita thelathini. Mwekundu. Ulibaki siku walipozindua kisanduku cha maoni."

Ikapambazuka Ijumaa. Saa tatu Kamati ikaketi katika ukumbi wa ghorofa ya nne, kila mjumbe na chupa yake ya maji na kalamu mpya. Mbele yao, juu ya meza ndefu, zilisimama kompyuta tatu kuukuu zilizofutwa vumbi, na waya wa umeme wa kila moja umefungwa utepe mwekundu, fundo zuri la harusi. Mkurugenzi alipouona utepe uso wake ulifunguka wenyewe.

Bwana Mawingu ndiye aliyetangulia uwanjani. Akasimama, akapunga mkono wa kulia kama mtu anayemwaga mbegu.

"Waheshimiwa! Hadi lini tutatambaa ardhini na vyombo vyenye nyaya, ilhali wenzetu wanapaa? Hadi lini heshima ya idara hii italala jirani na choo? Nawaletea wingu! Halina waya, halina vumbi, halina mzee wa kulikaripia! Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima na taadhima, uwe wa kwanza kuingia."

Makofi. Mkurugenzi akasogezewa kompyuta ndogo, akaandika jina lake na vyeo vyake vyote. Wingu likajibu: "Thibitisha kuwa wewe ni wewe. Tumetuma namba kwenye simu yako."

Wakasubiri. Mkurugenzi akaitazama simu yake. Simu ikamtazama.

"Unatumia laini gani, Mheshimiwa?" Bwana Mawingu akanong'ona. "Nilichukua ile iliyo kwenye faili lako la ajira."

"Ile? Ile niliitupa mwaka juzi, wale shemeji zangu waliponizidi kwa kuomba hela!"

"Basi tuombe kwa barua pepe."

"Barua pepe ipi, kijana? Si ndiyo imekufa!"

Wakajaribu tena. Wakajaribu mara ya tatu. Kisha wingu, ambalo halijui zulia wala kiyoyozi, likatoa tamko lake kwa maandishi mekundu, likaonekana kwenye skrini kubwa ya ukutani mbele ya wajumbe wote: "Mwenye sanduku hili hajathibitika. Sanduku litafutwa."

"Nani afutwe?" Mkurugenzi akasimama. "Mimi? Mimi nifutwe?"

"Ndio utaratibu, Mheshimiwa," akasema Babu Seva kwa sauti ya upole kutoka mwisho wa meza. "Sanduku lisilo na mtu aliye hai linafutwa. Imo kwenye masharti."

"Mimi niko hai!"

"Sisi tunaona, Mheshimiwa. Wingu ndilo halioni."

Mjumbe mmoja akajificha nyuma ya chupa yake ya maji, mabega yakamtikisika. Bwana Mawingu akajaribu kusema jambo kuhusu kipindi cha mpito. Mkurugenzi akamwonyesha kiti.

Ndipo shujaa wetu alipoinuka. Hakuwa na tai. Koti lake lilikuwa lile la mazishi, maana ndilo koti alilokuwa nalo.

"Waheshimiwa," akanena, "mimi sikusoma, na hotuba sina. Hapa kuna programu tatu. Kila moja inapokea sasa hivi barua moja, ile ile, ya Mheshimiwa, pamoja na picha yake." Mkurugenzi akanyoosha shingo. "Tunaomba Mheshimiwa azindue jaribio. Kuna utepe."

Mkurugenzi akatoa mkasi mfukoni. Ndiyo, alikuwa nao, hutembea nao. Akaushika utepe wa kwanza, na waya wake, akafungua makali.

"Kuvuta, Mheshimiwa!" Babu Seva na Mama Masijala wakapiga kelele pamoja. "Kuvuta! Siyo kukata! Mna umeme humo!"

Mkasi ukawekwa kando, na idara ikanusurika kutangaza nafasi nyingine. Mkurugenzi akavuta utepe wa kwanza, plagi ikachomoka, skrini ikafa. Makofi. Akavuta wa pili. Makofi. Akavuta wa tatu, akakaribia kuanguka na kiti, na wajumbe wakasimama kabisa. Mpiga picha wa idara alikuwepo. Wakubwa hawakosi mpiga picha.

Kisha Babu Seva akazirudisha plagi ukutani, moja baada ya moja, na ukumbi ukatulia kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mkongwe aliamka akikoroma. Sanduku likafunguliwa: picha ya Mkurugenzi imekatika kifuani, na barua zote za majaribio zilizokuwa nyuma yake zimevurugika, neno limeingia ndani ya neno. Babu Seva aliipapasa kompyuta ile mgongoni, kama mtu anayeaga, wala hakuitazama tena.

Yote-Kwangu akaamka na madirisha yake ya buluu, akaandika: "Kuna hitilafu. Wasiliana na msimamizi wako."

"Msimamizi wake nani?" akauliza Mkurugenzi.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Sasa anasemaje?"

"Anasema niwasiliane na mimi."

Kimyakimya akaamka bila salamu. Mistari michache myeupe ikapita kwenye skrini nyeusi, kisha ikatulia. Babu Seva akafungua sanduku. Barua moja, nzima. Picha nzima, Mkurugenzi mzima, kuanzia upara hadi viatu, mkono kiunoni, mizani nayo haikupungua hata gramu.

Mkurugenzi akaitazama sana. "Huyu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "huyu ana heshima."

Hivyo ndivyo ilivyochaguliwa programu ya barua ya Idara ya Mizani na Vipimo, kwa kura saba bila pingamizi. Muhtasari wa kikao, ulioandikwa na wao wenyewe, unasema kwamba Kamati, baada ya utafiti wa kina, ilibuni njia ya kisasa ya upimaji chini ya uongozi thabiti wa Mkurugenzi. Fundi aliyefunga utepe hakutajwa. Utepe umetajwa mara mbili.

Na kabla hawajainuka, Mkurugenzi, aliyekuwa ametafakari juu ya chanzo cha maafa na kuona kwamba chanzo ni watu wa chini kupenda kujibu, alitoa amri mpya: kuanzia siku ile ni marufuku mtumishi yeyote kujibu barua iliyotumwa kwa wote. Atakayejibu atajieleza kwa maandishi.

Mama Masijala mwenyewe aliutoa mkanda. Jumamosi na Jumapili, mchana kutwa, Babu Seva alihamisha masanduku. Alianza na la Mkurugenzi; msimamizi mwenye akili zake hajaribu safari kwa mzigo anaoupenda. Lilipofika salama akaendelea na la Bwana Mawingu, kisha yote mengine, akipakua picha mgongoni mwa kila jibu na kuzitupa, mpaka mtambo mzee ukashusha pumzi. La mia mbili na kumi na tano alilihamisha la mwisho, Jumapili saa tisa alasiri, amesimama.

Akahesabu. Elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Akahesabu tena, maana mara moja si hesabu. Elfu tatu mia moja na kumi na mbili!

Ndipo akaketi, akaifungua barua ya Jumanne. "Jioni ukirudi usisahau balbu. Ile ya chooni imeungua tena, na mimi sitapapasa ukuta kama mwizi nyumbani kwangu."

"Sawa," akasema Babu Seva.

Akapita dukani, akanunua balbu. Ya chooni ilikuwa nzima, inawaka vizuri. Akaibadilisha hivyo hivyo.

Haya basi, yaandikwe mahali pa kudumu, yaandikwe juu ya milango na juu ya ndoo zilizogeuzwa: kwamba siku ya Jumatatu, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu, saa nne kamili, Simba wa Chumba Kisicho na Dirisha, Mfumbua Nyaya, aliyemshinda Mkongwe bila kumtukana, akamnyamazisha Yote-Kwangu, na kulirudisha wingu kwao, aliketi mbele ya mtambo, akanyoosha vidole viwili anavyochapia, na kuituma barua ya kwanza ya zama mpya, kwa wote. Akaliangalia daftari la matukio. Mistari ikashuka, mmoja mmoja, kila sanduku na saa yake: imepelekwa, imepelekwa, imepelekwa. Mara mia mbili na kumi na tano. Idara nzima haijapata kuona ushindi mkubwa kuliko huo, na idara nzima ilikuwa inakunywa chai.

Akangoja jibu. Ghorofa ya pili walikuwa wameiona barua, wakaiacha. Ghorofa ya nne Mkurugenzi aliisoma mara mbili, kidole kikamwasha, akaikumbuka amri yake mwenyewe, akafunga. Mama Masijala alipopita na kikombe, Babu Seva alimtolea macho.

"Usiniangalie hivyo, shemeji," akasema bila kusimama. "Tumeulizwa wote, na kujibu ni kosa."

Chai ikapoa, saa tano ikapiga, naye bado ameketi, hajasogea, barua ya siku hajaifungua. Mpaka leo haijajibiwa hata na mmoja, wala wa ghorofani wala yule wa sanduku la mwisho, na ukilifungua sanduku lolote kati ya yale mia mbili na kumi na tano utaikuta juu kabisa, fupi kama alivyozoea kuandika:

"Hii ni seva mpya. Je, imefika?"